Vipepeo Vyeupe vya Mama Lazaro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu, Ndugu Mganga Mfawidhi na watumishi wote wa zahanati, Baba Paroko, Mzee wetu Moloimet, laigwanan, kiongozi wa mila wa Wamasai, uliyetoka Olbalbal kabla jua halijachomoza ili uwahi hapa, wazee na mabalozi wa Mbulumbulu, akina mama wa Alhamisi, Ndugu wageni waalikwa, nawe mwenye siku yako, Nesi Selestina: nawasalimu nyote kwa heshima. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zangu wa upande wa kreta, sopa. Kama kuna mwenye cheo niliyemruka, naomba asininunie. Nafasi yake moyoni mwangu ipo, ila karatasi niliyoandikiwa ilikuwa fupi.

Mimi naitwa Silvanus Hhando, dereva wa watalii. Kazi yangu ni kuongea, hilo wengi mnalijua, na mke wangu analijua kuliko wote. Lakini nimezoea kuongea nikiwa nimeshika usukani, wanaonisikiliza wako nyuma yangu, na mtu akinichoka anachungulia dirishani atazame pundamilia. Leo mmekaa mbele yangu, mnanitazama usoni, na pundamilia hayupo. Kwa hiyo mkiona macho yangu yanahangaika kutafuta kioo cha juu, mjue ni mazoea tu.

Aliyestahili kusimama hapa ni Mama Germana, mwenyekiti wa akina mama wa Alhamisi. Alikataa. Alisema akisimama atalia, akilia yeye watalia wote, na wakilia wote pilau itaungua. Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nikawaambia mimi si mwanachama, mimi ni mume wa mwanachama. Wakasema ndiyo, lakini wewe unaongea na Wazungu usiowajua kutwa nzima, utashindwaje kuongea na sisi? Ndiyo maana mnaniona hapa.

Ndugu wageni waalikwa, tumekuja kumuaga mkunga. Nawaombeni jambo moja: kila aliyezaliwa kwenye zahanati hii akapokelewa na mikono ya Nesi Selestina, anyooshe mkono. Msione haya, nyoosheni. Mnaona? Wengine mna ndevu, wengine mmekuja na watoto wenu mgongoni, na mwingine namwona kule nyuma amevaa sare za mgambo. Wote hawa aliwashika yeye kwanza, kabla mama zao hawajawaona. Ni nani kati yetu anayeweza kusema kwamba kuna macho yaliyomwona mapema kuliko macho ya mama huyu?

Keshokutwa anapakia vitu vyake aende Samunge, kwa binti yake anayefundisha shule huko. Mnaoijua njia ya Samunge hamhitaji maelezo yangu. Mimi barabara ndiyo inanilisha, na bado nikiambiwa Samunge nauliza kama kweli wamesema Samunge. Hatutakutana naye tena pale mnadani Karatu akichagua maharage, wala hatutamwona akishuka kwenye bodaboda na mwavuli wake wa kijani. Kwa hiyo mwenye neno na Nesi Selestina, leo ndiyo siku yake ya kulisema.

Sasa naona wageni kutoka mbali mnatazama juu. Msijizuie, tazameni. Hili jengo lilikuwa ghala la ngano, na hivyo vinavyoning'inia kwenye kamba za katani, kuanzia mlangoni mpaka pale juu ya kichwa cha Baba Paroko, ni vipepeo vya karatasi. Havikununuliwa dukani. Karatasi yenyewe imetengenezwa hapa, nyuma ya zahanati, kwa mabua ya ngano ya mashamba yetu na madaftari ya zamani ya watoto wa shule. Kila kipepeo mnachokiona ni mtu aliyetutoka, na aliyekitengeneza ni mtu aliyebaki.

Kazi yenyewe haina haraka. Mabua yanakatwakatwa, yanalowekwa, yanachemshwa kwenye maji ya majivu mpaka yalainike. Yanaoshwa, yanatwangwa kwenye kinu pamoja na yale madaftari, mpaka rojo liwe laini. Rojo linakorogwa kwenye beseni kubwa la maji, kisha unazamisha fremu ya mbao iliyowambwa chandarua kikuukuu, unainua polepole, maji yanachuruzika, na juu ya chandarua inabaki karatasi changa ambayo ukiiharakisha inachanika. Unaigeuzia kwenye blanketi, unaianika, unasubiri. Wiki inayofuata ndipo unakata mabawa, unakunja, unafunga uzi katikati.

Na Nesi Selestina aliweka sharti: mtu mmoja, kipepeo kimoja, Alhamisi moja. Hata kama una mikono myepesi, hata kama umemaliza mapema, hutengenezi cha pili. Unakaa. Unasikiliza wenzako wakitwanga. Mama Lazaro, yaani mke wangu Angela, aliniambia kwamba hapo kwenye kukaa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu mikono ikishatulia, yule mtu uliyemkosa anakuja kukaa karibu na wewe kidogo. Mimi wakati huo nilifikiri ni maneno ya akina mama.

Wanaume tulicheka sana mwanzoni, tusidanganyane. Mzee Sylvesta, namwona pale anajificha nyuma ya kofia, alikuja hapa siku ya kwanza akasimama mlangoni akasema, "Nesi, hao vipepeo unaowasifia ndio mama zao viwavi wanaomaliza mahindi yetu! Utatuletea balaa!" Nesi akamjibu, "Sylvesta, hawa wa karatasi hawatagi. Ingia utwange." Na aliingia, na alitwanga, na tangu mkewe alipofariki ana kipepeo chake pale kwenye boriti ya tatu, na akifika hapa hakai mahali pengine ila chini yake.

Meneja wa loji moja naye alikuja, mtu muungwana kabisa, nilimleta mwenyewe kwa gari. Alitaka vipepeo vya kupamba ukumbi wa chakula. Akamwambia Nesi ataje mwenyewe anachotaka. Nesi akamshika mkono, akampitisha chini ya kamba hizi, anamwonyesha: huyu alikuwa fundi baiskeli, huyu alikuwa mama wa watoto sita, huyu alikuwa anaimba besi kanisani. Walipofika katikati ya ghala yule meneja alivua kofia. Hakutaja tena habari ya kununua, na wiki iliyofuata alituletea magunia ya karatasi za ofisini zilizotumika, na mpaka leo analeta.

Ndugu zangu, lakini si kila kitu kilikwenda sawa. Mwanzoni vipepeo hivi viliandikwa majina. Katekista wetu Clemensi ana mwandiko mzuri, basi akakabidhiwa kalamu, akaandika jina la kila marehemu aliyetajiwa kwenye bawa, kubwa, la kusomeka. Siku ya kuvitundika mara ya kwanza akasimama hapa hapa nilipo akaanza kuyasoma kwa sauti, taratibu, kama tunavyofanya kwenye misa ya kuwaombea marehemu. Sisi tukaona ni jambo jema. Akina mama waliotoka Olbalbal, waliokuwa wamekaa upande ule wa dirisha, wakainuka mmoja mmoja, wakajifunika shuka zao, wakatoka. Clemensi akadhani gari la mnadani limefika. Akawapungia mkono, akawaambia, "Safari njema, akina yeyo!" yaani akina mama kwa Kimasai, kisha akaendelea kusoma.

Gari halikuwa limefika. Walikuwa wamekaa nje kwenye majani, wamegeuzia ghala mgongo. Nesi Selestina ndiye aliyewafuata, na Yeyo Nosim, huyu aliyeketi hapa mbele, akamwambia kupitia kwa binti yake Sifa, "Kwetu aliyekwenda haitwi jina lake. Mnapomwita hivyo, mnataka nani aitike?"

Nesi hakubishana naye, wala hakumwambia kwamba huku Mbulumbulu tunafanya hivi. Alirudi ndani, akamwomba Clemensi kalamu, akaiweka mfukoni, na wote tuliokuwepo tulijua kwamba mambo ya majina yamekwisha. Alhamisi iliyofuata akina mama wakamuuliza, sasa tutajuaje kipepeo kipi ni cha nani? Akasema, kila mtu aweke kwenye mabawa kitu kimoja anachokikumbuka cha mtu wake. Kimoja tu. Mwenye kujua atajua, na asiyejua atauliza, na akiuliza ndipo mtakapopata nafasi ya kumwongelea.

Yeyo Nosim, naomba ruhusa yako. Naona umeitika kwa kichwa, asante. Mwanawe alikuwa mchungaji, na alifia njiani mwaka ule wa ukame, akitembeza ng'ombe kutafuta maji. Mpaka leo sijui jina la kijana yule, na sitauliza. Lakini najua alikuwa na dume alilolipenda, jeusi, lenye kidari cheupe na doa jekundu begani, akilisifu jioni lilipokuwa linaingia bomani. Najua hivyo kwa sababu Yeyo Nosim alipaka mabawa masizi, akaacha nyeupe katikati, akatia udongo mwekundu pembeni, na nilipomuuliza alinisimulia mpaka chai ikapoa. Je, Ndugu wageni waalikwa, kama angeandika jina, ningemjua kijana yule zaidi ya hivi ninavyomjua?

Basi tazameni tena juu. Kile chenye vipande vya kitenge cha njano ni cha Mama Germana, kwa ajili ya dada yake. Chenye alama za kidole cha grisi ni cha yule fundi baiskeli. Kuna chenye mbegu za alizeti, kuna chenye nukta za dawa ya kuua kupe. Halafu mtaona vyeupe. Vimetawanyika kila mahali, viko vingi, havina rangi wala doa. Baba Paroko aliwahi kuvitaja kwenye mahubiri, akasema weupe ule ni usafi wa malaika, na watu wakageuka kumtazama mke wangu kwa sababu wanajua ni vyake na kwa sababu anaitwa Angela. Baba, yalikuwa mahubiri mazuri na sikutaka kukusahihisha kanisani. Lakini mke wangu havitengenezi vyeupe kwa sababu ya malaika. Anavitengeneza vyeupe kwa sababu hana cha kuweka.

Naomba mnivumilie hapa. Nitaongea polepole.

Mnajua kwamba tuna mtoto mkubwa, Lazaro, yuko sekondari. Mnajua pia kwamba miaka tisa iliyopita Angela alibeba mimba nyingine. Siku ilipofika mimi nilikuwa kreta na wageni. Kule chini simu hazishiki mtandao, na faru alikuwa amelala mbali, amekuwa jiwe, wageni hawataki kuondoka mpaka ainuke. Nilikuwa nawaambia habari za faru, kwamba mama faru hukaa na mtoto wake miaka mingi, maneno ambayo nimeyasema nadhani mara elfu. Tulipopanda juu na kukaribia geti, simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, na kabla sijausoma hata mmoja nilishasimamisha gari.

Angela alikuwa ametokwa na damu nyingi, akazimia, akakimbizwa mjini nyuma ya pikapu. Alizinduka kesho yake. Mtoto alizaliwa hai, msichana. Aliishi muda mfupi sana, na muda wote huo aliuishi mikononi mwa Nesi Selestina. Shangazi yangu na akina mama wa jirani walimpokea akiwa amekwishafungwa kwenye kitenge, na kwa kuwa haikujulikana nitafika saa ngapi, wakamzika. Walifanya vizuri, sina neno nao. Lakini mimi sikumwona. Angela hakumwona. Tulikuwa na mtoto, na hatukuwahi kumtia machoni, si baba wala mama.

Halafu kuna mambo yetu Wairaqw, na hapa wazee wangu mtanisamehe. Tangu mababu, nyumba iliyopoteza mtoto mchanga ilikaa peke yake. Mama hakwenda kisimani na wenzake, moto hauombwi kwake, chombo hakivuki uzio. Siku hizi tunasema tumeshaacha, sisi ni Wakristo. Na ni kweli watu walikuja kutupa pole, hakuna aliyetukimbia. Walikaa kwenye makochi yetu, walisali, Angela akawamiminia chai na mwili wake bado haujapona. Walipoondoka nikakusanya vikombe nivioshe. Vyote vilikuwa vimejaa mpaka juu.

Nilimwaga chai ile nyuma ya nyumba ili Angela asione. Aliona.

Siku mbili baadaye akaja Nesi Selestina, na sare zake za kazi, mwavuli mkononi. Naye ni Mwiraqw wa Mbulu, anazijua desturi hizi pengine kuliko mimi. Angela akamimina chai, akaweka mezani, akatazama pembeni. Nesi akainua kikombe, akanywa akamaliza, akamnyooshea tena Angela mkono wake wenye kikombe kitupu, akasema, "Ongeza, Mama Lazaro. Na sukari usiwe mchoyo." Akanywa na cha pili. Kisha akasema Alhamisi wana upungufu wa mtu wa kutwanga, na mtu mwenyewe anamwona hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naambiwa utamkabidhi cheti cha utumishi uliotukuka, na anakistahili. Mimi naomba tu ujue kwamba katika utumishi huo kuna vikombe viwili vya chai ambavyo havimo kwenye cheti. Jirani zetu waliposikia Nesi amekunywa kwetu, na wao wakaanza kunywa. Nyumba yangu ilifunguka siku ile.

Tangu hapo Angela hajakosa Alhamisi. Anatwanga, anachuja, anaanika, anakata mabawa kwa ustadi ambao wenzake wote wanausifu. Na inapofika pale pa kuweka kitu kimoja anachokikumbuka, anaweka mkasi chini. Akumbuke nini? Ananikumbuka mimi nikirudi na vumbi, anakumbuka dari ya hospitali. Hayo si ya mtoto. Anafunga uzi, anakitundika hivyo hivyo cheupe, na Alhamisi nyingine anaanza upya. Mara moja nilimwambia apake rangi yoyote ile, waridi, inafaa kwa msichana. Akaniambia, "Baba Lazaro, nikipaka ya kubuni nitakuwa nimemtengeneza mtoto mwingine. Mimi namtaka huyu."

Na mimi je? Wanaume wengi hatutengenezi vipepeo, ila nitawaambia ninachofanya. Asubuhi nikiwa nawapeleka wageni getini, nawakuta watoto njiani wanakwenda shule na madumu yao ya maji na kuni za jikoni. Angekuwa darasa la tatu sasa. Nawaona wasichana wa kimo kile, na mguu wangu unaacha mafuta wenyewe, gari linapungua mwendo, nawatazama mmoja mmoja: huyu ana paji la uso la kwetu, yule anatembea anavyotembea Angela. Wageni nyuma wanadhani nimeona mnyama. Wanasimama, wanafungua dari, wananyanyua kamera, wananiuliza kuna nini, Silvanus, kuna nini? Nawaambia hakuna kitu, barabara ni mbovu. Barabara ile ni lami, ndugu zangu, na wao wanaiona.

Wageni huniuliza pia nina watoto wangapi. Nasema mmoja, kwa sababu ukisema wawili watauliza wa pili yukoje. Ningewajibu nini? Mtu anaweza kumkosa mtu aliyemjua, akalala na picha yake, akanusa nguo yake. Lakini mimi namtamani mtoto ambaye sijui hata sura yake, natamani kumkumbuka na sina pa kuanzia. Wenzangu walio na uchungu nawaonea wivu kwa kuwa wana cha kulilia, na Mungu anisamehe kwa wivu huo.

Nesi Selestina. Wewe ndiye mtu pekee duniani aliyekaa na mtoto wetu akiwa hai. Miaka yote hii umekuja kwetu, tumekula pamoja, umemfundisha Angela kutengeneza karatasi, na hujasema kitu. Nasi hatujauliza. Nadhani mimi niliuona ukimya wako kuwa ni heshima, na wewe labda uliuona ukimya wetu kuwa ni ombi. Kwetu habari za mtoto wa namna ile haziulizwi, mkunga hasimulii, wazazi hawataki kujua, ndivyo tulivyokuta. Basi kila mmoja amemstahi mwenzake mpaka leo, na jambo hilo keshokutwa unaondoka nalo kwenda Samunge.

Jana Angela aliniambia, "Nenda ukaongee wewe. Washukuru wote. Halafu muulize. Mimi nitakaa karibu na mlango, nikishindwa nitatoka." Yuko pale mlangoni, mnamwona. Hajatoka.

Kwa hiyo nakuuliza, Nesi, mbele ya watu hawa wote uliowapokea kwa mikono yako. Mtoto wetu alikuwaje? Alilia? Alifumbua macho? Alifanana na nani? Chochote ulichokiona, hata kama ni kidogo, hata kama kinauma, tunakiomba.

Kaa tu, Nesi, si lazima usimame. Anasimama. Vijana, msimpelekee kipaza sauti, anakikataa. Basi ongea taratibu, Nesi, nami nitarudia kwa walioko nyuma.

Anasema: "Baba Lazaro, jamani nyie watu, mmekaa na hili muda wote huu? Mimi nilijua hamtaki kusikia. Nimelibeba kila siku."

Anasema alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka hapa, karibu na nyusi.

Anasema hakulia. Alikuwa hana nguvu ya kulia. Alimlaza hivi, kifuani, karibu na dirisha apate joto la jua, kwa sababu alishaona kwamba hatakaa.

Anasema ilikuwa wakati wa kuvuna ngano, watu wanapepeta jirani na zahanati, na upepo ukaingiza vumbi la makapi dirishani, na mtoto… Samahani, Nesi. Rudia hapo.

Anasema alipiga chafya.

Alipiga chafya. Mara mbili. Anasema, "Ya kwanza nikamwambia, pole mama. Akapiga ya pili, akakunja uso, amekasirika kabisa. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikamwambia, we binti, hasira hizo ni za baba yako akiambiwa asubiri. Ndiyo nikajua amefanana na wewe."

Ndugu zangu, mpisheni Mama Lazaro apite, anakuja mbele. Amejifunika mdomo. Sijui kama anacheka au analia, na nimeishi naye miaka mingi.

Nilikuwa na maneno ya kumalizia, Mama Germana alinisaidia kuyapanga, na yote yamenitoka. Nesi Selestina, chafya inachorwaje kwenye karatasi sijui, hilo ni lako na Angela, mna siku mbili. Mimi nimepata nilichokuja kuomba. Miaka tisa nimekuwa baba wa mtoto ambaye sina hata kitu chake kimoja, na leo nashuka hapa nikiwa baba wa msichana mwenye nywele nyingi, aliyepiga chafya mara mbili akakasirika.

Nenda salama, mama yetu. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu mpaka hapa, nawashukuru sana, Mungu awabariki. Naomba mniruhusu nikakae na mke wangu.